Shamba Lisilokauka

Mimi ndiye niliyemwambia baba kwamba ardhi ya chini ya bahari haina mwenyewe. Nilikuwa jikoni kwake nikipepeta ndengu, sikumtazama hata usoni, nikamjibu kwa ile sauti ya mwalimu aliyeulizwa swali la darasa la nne. Ningejua jibu hilo lingetufikisha wapi, ningejifanya bubu.

Baba alikuwa mkulima Kasikeu. Shamba letu lilikuwa mteremko wa mawe na udongo mwekundu, na mvua za kwetu huja zikitaka, zisipotaka hakuna wa kuzishtaki. Alipanda mbaazi, kunde, ndengu, na mahindi ya kubahatisha. Matuta yote ya shamba lile aliyachimba na mama, wawili tu, miaka ambayo mimi nilikuwa mgongoni. Mama alifariki muda mfupi baada ya mimi kuajiriwa, tukamzika upande wa juu, hatua chache kutoka kwenye mstari wa makonge. Sikuwa na ndugu, na kazi ilikuwa imenipeleka kufundisha Kabati, kule Kitui, kwa hiyo baba alibaki na kuku wake na lile kaburi. Kila jioni alipita kung'oa magugu pale kabla ya kufungia kuku.

Aliniita mwaitu, yaani mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Hata akinigombeza, alinigombeza kama mtoto anayemlalamikia mzazi. Ilikuwa vigumu sana kumkatalia mtu mzima anayekuita mama, na huo si utetezi, nasema tu ilivyokuwa.

Kuna jambo moja la zamani ambalo lazima nilieleze, la sivyo mtamwona baba mjinga, na hakuwa mjinga. Kabla ya vyeti na ramani, Wakamba walijua ardhi za namna mbili. Ng'undu ilikuwa na mwenyewe, na weu ilikuwa nyika ya watu wote, ya kulishia ng'ombe na kukata kuni. Lakini weu haikukaa weu siku zote. Mtu aliyetaka kulima aliingia, akachanja miti alama, akaweka mawe kwenye pembe, akawaita majirani wakala mbuzi, na tangu siku hiyo kile kipande cha watu wote kikawa chake. Hakuna aliyemwita mwizi. Alisifiwa kwamba amewahi.

Babu yangu hakuwahi. Wakati wapimaji wa serikali walipokuja kuigawa weu ya kwetu, yeye alikuwa mbali akikata mkonge kwenye shamba la mwajiri wake. Aliporudi, mabonde yenye udongo mweusi yalikuwa na wenyewe, akasukumiwa mteremko wa mawe. Akachukua mawe manne, akayaweka kwenye pembe zake nne, akaishi hapo kwa uchungu hadi akafa. Baba alikulia ndani ya uchungu huo. Chelewa chelewa utapata mwana si wako, alikuwa akisema, hata kwa mambo madogo kama kuwahi chai kanisani.

Sasa, mwaka huo ambao mvua ilikuwa imekosa msimu wa tatu mfululizo, mtu wa kampuni alikuja Kasikeu kufanya semina. Semina ilifanyika kwenye ukumbi wa kukodi pale sokoni, baada ya ibada ya Jumapili, watu wakiwa bado wamevaa vizuri. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, anayejua kuomba. Alianza kwa maombi marefu, kisha akafungua ramani ya bahari na kueleza kwamba chini kabisa, mahali ambapo mwanga haufiki, kumelala mawe meusi ya ukubwa wa viazi, na ndani ya mawe hayo mna madini ya kutengenezea betri za simu na magari ya umeme. Kampuni ilikuwa imegawa sakafu hiyo vipande, na kila kipande kingekuwa na cheti chake. Jiwe moja lilipitishwa mkono kwa mkono. Baba alilishika muda mrefu hata jirani yake akamgusa bega alipitishe.

Jioni hiyo ndipo aliponiuliza. Shule zilikuwa zimefungwa nami nilikuwa kwake.

"Mwaitu, wewe umesoma. Hayo mawe ya chini ya bahari ni ya ukweli ama ni hadithi?"

"Ni ya ukweli, Baba. Yako hata kwa vitabu."

"Na hiyo ardhi yenyewe ni ya nani?"

"Si ya mtu. Ile ya mbali kabisa haina nchi, haina mwenyewe. Ni ya watu wote."

Nikaendelea kupepeta. Nilisikia tu ungo wangu. Mimi nilidhani nimemfunga mlango, kwamba kitu cha watu wote hakiuzwi, mtoto yeyote anaweza kuona hilo. Yeye alisikia weu. Alisikia nyika ambayo bado hakuna aliyechanja mti, na mwanawe aliyesoma akithibitisha kwamba wapimaji hawajafika. Ningegeuka nikamtazama uso wake ningejua, maana uso wa baba haukuwahi kuficha kitu. Sikugeuka. Ndengu zilikuwa na mawe mengi.

Majirani wengine walinunua vipande vidogo vidogo kwa pesa walizoweza kuagana nazo. Baba hakuwa na pesa. Mtu wa kampuni akamwambia pole pole, akiwa ameketi kwetu akila muthokoi wa mahindi na kunde, kwamba mzee asiye na pesa anaweza kubadilishana, ardhi kwa ardhi, kipande cha juu kwa kipande cha chini, na kile cha chini ni kikubwa kuliko lokesheni nzima. Aliongeza kwamba hatutaondoka. Tutakaa tu pale nyumbani hadi meli zianze kazi. Kuhusu kaburi alisema litaheshimiwa, na alisema akiwa ameshika kofia kifuani, na jambo hilo hatukuliona likiandikwa popote.

Baba alinipigia simu kunieleza. Nilikuwa chumba cha walimu, nikatoka nje ili wenzangu wasisikie.

"Baba, utatoa shamba?"

"Shamba gani, mwaitu? Hili la mawe? Mimi hapa nangojea mvua kama mtu anangojea deni kwa mlevi. Kule maji iko juu yake usiku na mchana. Hilo ni shamba lisilokauka."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, kwa sababu lilikuwa neno zuri, na kwa sababu baba hakuwa amesema neno la furaha tangu mama atuache. Kisha akaniambia siku ambayo nilitakiwa kufika mbele ya bodi ya ardhi.

Asiyejua bodi ya ardhi aelewe hivi: mtu wa kwetu hawezi kuhamisha shamba kimyakimya. Lazima aende mbele ya bodi, na wanabodi humwuliza kama familia inajua na kama imekubali. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya watu kama baba, na kwa ajili ya siku kama ile. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Alimtazama baba, akamtazama yule mtu wa kampuni, kisha akanitazama mimi.

"Madam, wewe ndiye mtoto pekee?"

"Ndiyo."

"Na unajua mzee anapeana shamba lote? Habakishi hata pa kujenga?"

"Ninajua."

"Unakubali? Usiogope, sema tu. Hapa ndipo mahali pa kukataa."

Baba hakunigeukia. Alikuwa amevaa lile koti la harusi yake, ameshika kofia kwa mikono miwili, na shingo yake ilikuwa imenyooka kama ya mtu anayesubiri kubatizwa. Siwezi kusema sikujua. Wiki iliyotangulia nilikuwa nimechukua atlasi ya shule nikatafuta zile namba za kwenye mfano wa cheti ambao kampuni ilimwachia baba, za latitudo na longitudo, na kidole changu kilitua katikati ya Bahari ya Pasifiki, upande mwingine kabisa wa dunia, kwenye rangi ya buluu isiyo na hata jina. Lakini nami nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka na ule mteremko, na kiangazi, na simu za baba za kuniambia wingu limepita. Kuna sehemu yangu, na si ndogo, iliyotaka iwe kweli.

"Nimekubali," nikasema, nikaandika jina langu pale nilipoonyeshwa. Mwenyekiti akavaa miwani, akapiga muhuri.

Cheti kilikuja baada ya muda, karatasi nzito yenye ukingo wa dhahabu na picha ya nanga. Mtu mwingine angekitia fremu. Baba aliona kazi haijaisha. Ardhi hailiwi kwa karatasi tu, mpaka lazima uwe na mashahidi, na shahidi wa mpaka ni yule aliyekula mbuzi wake. Ukila mbuzi wa mpaka wa mtu, huwezi kesho kusema hukuujua mpaka, wala watoto wako hawawezi. Hilo hata wanasheria wa mjini Wote wanalijua. Basi akachinja beberu wake wa mwisho, akaita majirani na mchungaji, wakaja.

Ilikuwa Jumamosi saa tano asubuhi, jua kali. Tuliketi chini ya mabati ya ghala, sufuria ya supu ikitokota, soda kwenye kreti. Mchungaji aliombea bahari. Kisha baba akanipa cheti na kuniambia nisome mipaka. Nikasimama mbele ya watu walionijua tangu nikivaa nguo za kuazima, nikasoma digrii na dakika, kaskazini kadha, magharibi kadha, pembe ya kwanza hadi ya nne, kwa sauti ya darasani. Hakuna aliyeelewa hata moja. Kila mtu aliitikia kwa kichwa.

"Na unapakana na nani huko?" mmoja akauliza.

"Na samaki," mwingine akajibu, watu wakacheka, na baba akacheka kuliko wote.

Ni jirani mmoja tu ambaye hakucheka. Alikuwa mzee wa rika la baba, tuliyepakana naye upande wa makonge, mtu wa maneno machache ambaye kila Jumatano alipeleka mbaazi zake soko la Mukuyuni. Bakuli lilipomfikia, alilirudisha kwenye meza bila kuligusa.

"Mimi sili mpaka ambao sijaukanyaga," akasema.

"Kwani unaniita mwongo kwa boma yangu?"

"Sijakuita mwongo. Nimesema miguu yangu haijafika huko. Ukinipeleka nitakula hata kwato."

Akachukua kofia yake akaenda. Baba alikaa na ule mfupa mkononi, macho yamekuwa madogo. Tangu siku hiyo hakumsalimia tena jirani yake, na walikuwa wamelima bega kwa bega tangu ujana. Mimi niliona aibu, lakini aibu yangu ilikuwa ya ajabu. Nilimchukia yule mzee kwa kusema mbele ya watu kile ambacho mimi nilipaswa kusema mbele ya bodi.

Kesho yake, baada ya kanisa, baba alichukua mtaimbo akang'oa yale mawe manne ya babu kutoka kwenye pembe za shamba. Mapya ya serikali, yale ya saruji, aliyaacha. Ya babu aliyaosha, akayatia kwenye gunia, akalisukuma chini ya kitanda. Kampuni ilikuwa imeahidi kuwapeleka wenye vyeti baharini kwa meli kuonyeshwa vipande vyao, na alitaka awe tayari kuangusha mawe yake juu ya pembe zake mwenyewe, yazame hadi chini, yakae. Mawe ya baba yake yalikuwa mahali pabaya tu, alisema. Hayakuwa na makosa.

Meli haikuja, ila siku moja lilikuja lori lenye nguzo na seng'enge, na mtu aliyekuwa na hati yenye jina lake. Alikuwa amelinunua shamba kutoka kwa mtu aliyelinunua kutoka kwa kampuni. Hakuwa mtu mbaya. Naandika hivyo kwa shida, kwa sababu ningependa awe mbaya, ingenisaidia. Alitupa muda wa kuhama, akasaidia kubeba kitanda. Kuhusu kaburi alisema tunaweza kuja kuliona wakati wowote tukimpigia simu kwanza. Baba alimsikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza mimi, "Mwaitu, kwani tutaomba ruhusa kumwona mama yako?"

Simu ya mtu wa kampuni ilikuwa imezimwa muda mrefu. Niliandikisha malalamiko polisi, nikapewa namba, namba hiyo ninayo bado. Kisha nikabeba cheti kile cha dhahabu hadi kwa wakili mmoja. Alikisoma mara mbili, na nilimheshimu kwa sababu hakutabasamu.

"Mwalimu, hii ardhi haiwezi kuuzwa. Hakuna mtu anaweza kuuza, hakuna mtu anaweza kununua. Mataifa yalikubaliana, ni ya watu wote."

"Najua," nikamwambia. "Mimi ndiye nilimwambia hivyo."

Alisema la Kasikeu nalo ni gumu, maana aliyeko pale sasa alinunua kwa nia njema, na bodi ilipiga muhuri, na familia ilikubali. Akanigeuzia nakala ya kumbukumbu za bodi nione. Jina langu lilikuwa pale, na mwandiko wangu mzuri wa ualimu. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi ndiye niliyeshika kibuyu.

Basi baba akaja kuishi nami Kabati, kwenye vyumba viwili vya kupanga nyuma ya duka la mbegu. Mkulima kuishi nyuma ya duka la mbegu bila shamba, hebu fikirieni. Mvua zilipokaribia, watu walijaa kununua mahindi na dawa ya wadudu, naye alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akiwapa ushauri ambao hawakuuomba. Gunia la mawe lilikuwa chini ya kitanda. Nilipofagia nililisogeza kwa mguu, na kila mara alisema, "Pole pole na hizo."

Kilichonikasirisha kuliko vyote kilikuwa redio. Siku moja taarifa ya habari ilisema makampuni makubwa ya nje yanashindana kwenda kuchimba chini ya bahari, na nchi moja inayapa vibali vyake yenyewe bila kungoja wengine. Baba aliruka kutoka kwenye kiti kama mtu aliyeitwa.

"Umesikia, mwaitu? Wameanza! Nilisema mimi!"

Na alikuwa na haki. Wapo watu duniani wanaoitazama weu ile ya chini ya maji na kuona kile kile alichokiona, kwamba cha watu wote ni cha anayewahi, na hakuna anayewaita wajinga. Tofauti yao na baba ni kwamba wao wana meli. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kwa hasira, nikanawa uso, nikarudi kupika.

Aliendelea kusubiri. Kila nilipotoka shuleni aliniuliza kama kuna barua. Mwanzoni nilijibu hapana. Baadaye nilijibu bado, na hilo neno "bado" ndilo ninalolijutia, kwa sababu lilimfanya asubiri vizuri zaidi. Alianza kupungua mwili. Hospitali walisema ni moyo na figo, vyote viwili, na wakatupa dawa nyingi. Alizimeza kwa utiifu, huku akisema zina ladha ya chumvi.

Siku moja niliporudi nilimkuta hajatoka kitandani. Akaniambia nikae, tuzungumze habari ya kuzikwa. Nilitaka kumnyamazisha akakataa.

"Nataka kulala kando ya mama yako. Kama haiwezekani, unizike mahali utapata. Lakini kwa shamba ya yule mzee, hapana. Mtu aliyekataa mbuzi wangu hatanipa kaburi. Umesikia?"

"Baba, yule mzee hakuwa na ubaya."

"Najua hakuwa na ubaya. Alikuwa na haki. Ndiyo maana siwezi."

Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kwake kukiri. Hakuendelea, wala sikumsukuma. Alifariki baada ya wiki mbili, mchana, duka la mbegu likiwa limejaa watu.

Nilimpigia simu mwenye shamba. Alinipa pole ya kweli, kisha akaniambia kwamba pale juu, kwenye makonge, ameshajenga mabanda ya kuku. Kaburi la mama liko, alisema, alilizungushia matofali, lakini nafasi ya pili haipo, na mkewe hataki msiba nyumbani, na mtu akishazika wawili mahali huwa pake. Hilo la mwisho alilisema kwa sauti ya chini. Sikubishana naye. Kwetu kaburi ni jiwe la pembe kuliko jiwe lenyewe, na alichoogopa kilikuwa na maana.

Yule jirani alipopata habari alisafiri kutoka Kasikeu hadi Kabati, na kwa umri wake ile ni safari. Alikaa kwenye kiti cha plastiki cha baba, akavua kofia.

"Mlete kwangu. Upande wa makonge. Kutoka hapo ni hatua ishirini tu mpaka kwa mama yako, seng'enge peke yake ndiyo iko katikati."

Hatua ishirini! Nilimwangalia yule mzee nikatamani kumkumbatia na kumpiga. Nikamweleza alichosema baba. Hakukasirika. Aliinamisha kichwa, akazungusha kofia yake mikononi mara nyingi.

"Ningekula tu," akasema. "Nyama ilikuwa nzuri. Ningekula tu nikanyamaza."

Wapo watakaosema ningemzika pale na kuachana na maneno ya mgonjwa. Wenzangu wa kanisani walisema hivyo, kwamba mambo ya kuogopa laana ya wafu tuliyaacha tulipookoka. Mimi nimeokoka tangu nikiwa kidato cha pili, lakini nilikuwa nimeshamvunja baba mara moja kwa neno langu mbele ya bodi, sikuwa na nguvu ya kumvunja mara ya pili akiwa hawezi kusema. Nikamzika kwenye makaburi ya umma upande wa Kitui, mahali ambapo kwetu huzikwa mtu asiyejulikana atokako. Tulikuwa wachache. Mchungaji aliharakisha kwa sababu kulikuwa na mazishi mengine nyuma yetu, na kaburi lilipewa kibati chenye namba.

Nilikuwa nimebeba gunia. Watu walipoondoka niliyatoa yale mawe manne ya babu nikayaweka, moja kila pembe, nikayashindilia kwa kisigino hadi yakakaa. Sikuwa na mbuzi. Nilinunua soda moja pale nje nikainywa nimesimama, kwa sababu sikujua mtu peke yake anashuhudia mpaka namna gani. Nilihisi, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, kwamba nimemfanyia baba kitu sahihi.

Baada ya wiki tatu nilirudi kupalilia. Tuta la udongo lilikuwepo, na kibati, lakini mawe hayakuwepo. Niliyakuta yamerundikwa ukutani pamoja na misalaba iliyovunjika na mashada ya plastiki. Mlinzi wa makaburi alikuja, mama mmoja mwenye gambuti na jembe, akaniuliza kama mimi ndiye niliyeyaweka.

"Pole, madam," akasema. "Hatukatai kwa ubaya. Hapa hakuna mtu anaweka mpaka. Hapa ni pa watu wote."

Nilimwambia naelewa. Akanisaidia kuyatia kwenye gunia, moja moja, kwa sababu ni mazito, akanisindikiza nalo hadi barabarani. Yako chini ya kitanda changu sasa. Nikifagia nayasogeza kwa mguu, pole pole.